Inua Tairi, Liache Gari

Magari mengi ya safari yanayotoka Kampala yana jeki ndefu ya chuma iliyofungwa kwenye bampa au mgongoni, karibu na tairi la akiba. Inapendeza macho. Inamtangazia kila aliye kwenye foleni ya Wandegeya kwamba mwenye gari ni mtu wa porini. Mwambie dereva aifungue ainue gari hapohapo, uone atakavyohangaika kuutafuta mpini. Kwa wengi, siku ya kujifunza ni ile ambayo gari limezama hadi kwenye ekseli katika barabara ya Katunguru kwenda Ishasha, saa kumi na moja jioni, mvua ya Aprili imekaza na utingo anamtazama bosi na bosi anamtazama utingo. Hiyo si saa ya kuanza kujuana na chombo kinachoweza kukuvunja taya.

Ninayemwandikia hapa ni mwenye Land Cruiser, Hilux, Defender na pikapu za ukoo huo. Kama unaendesha Noah, Premio au Harrier, tunza pesa zako: magari hayo hayana mahali pa kushikwa na jeki hii, na ile ndogo iliyokuja na gari inakutosha. Wa Fuso na malori ya matoke nao wana jeki zao kubwa za chupa.

Jeki yenyewe ni ya zamani. Zile za chapa ya Hi-Lift zinatoka Bloomfield, jimbo la Indiana, Marekani, na historia yake inaanzia mwaka 1905. Waliokusudiwa ni wakulima: kung'oa nguzo za uzio, kuinua mikokoteni, kuvuta visiki. Tangu hapo umbo halijabadilika sana. Kuna nguzo ya chuma yenye matundu kuanzia chini hadi juu, na kichwa chenye pini mbili zinazopokezana kupanda tundu baada ya tundu kila unapoukandamiza mpini. Ile ya inchi 48, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi, ina urefu wa sm 122 na uzito wa kilo 13 hivi. Kiwango chake cha kubeba ni takriban kilo 2,100, na imewekewa boliti ya usalama iliyokusudiwa kukatika mzigo ukifika karibu kilo 3,200. Fundi akikubadilishia boliti hiyo akakupa ngumu zaidi "ili isikusumbue tena", amekunyang'anya kitu pekee ndani ya jeki kilichokuwa na uwezo wa kusema basi.

Nguvu ipo, basi. Kinachokosekana ni utulivu. Pikapu ya porini ina springi ndefu, na hilo ndilo linalotuponza tunapoinulia kwenye bampa la nyuma. Unapiga mpini, bodi inapanda, lakini tairi limetulia palepale ndani ya tope kwa sababu springi ndiyo kwanza zinafunguka. Bodi inaweza kupanda sm 20 na zaidi kabla ekseli haijaanza kufuata. Ongeza na kina cha shimo. Mwishowe bampa liko kifuani kwako, zaidi ya tani nzima imeegemea ulimi mdogo wa chuma, ulimi uko juu ya nguzo moja, na nguzo imesimama kwenye kitako kisichozidi sana ukubwa wa kiganja, juu ya ardhi ambayo tayari imeshindwa kulibeba gari. Hakuna kinachozuia vyote hivyo kulala upande. Jeki ya aina hii haina miguu ya pembeni, na gari likisogea hata kidogo tu linaanguka.

Ndiyo maana kuna kifaa cha kuongezea kinachouzwa kwa jina la Lift-Mate. Mimi nitakiita ndoano ya tairi. Ni kipande cha chuma kinachokaa juu ya ulimi wa jeki, kikiwa na ukanda imara wa nailoni wenye ndoano mbili. Ndoano unazipitisha kwenye matundu ya rimu, moja kushoto na moja kulia, kisha jeki inalivuta tairi lenyewe kwenda juu. Springi hazipati nafasi ya kufunguka. Ukipandisha sm 15, tairi limetoka shimoni sm 15, na bodi imenyanyuka kidogo tu kutoka pale ilipokuwa. Gari linabaki chini, na gari lililo chini lina umbali mfupi wa kuanguka. Kwa Hilux za siku hizi zenye bampa la plastiki, bila ndoano jeki ndefu ni mzigo tu.

Kazi ya ndoano ni moja: kulitoa tairi shimoni ili uweke kitu chini yake. Si ya kubadilishia tairi lenye pancha. Utalifunguaje tairi ambalo ndilo limebeba gari? Pancha ina jeki ya chupa chini ya ekseli, kwenye ardhi ngumu. Wala si ya kukupa nafasi ya kulala chini ya gari ukaangalie gia boksi. Chini ya gari lililoshikwa na jeki ndefu, iwe kwa bampa au kwa ndoano, haingii mtu, haingii mkono.

Majaribio yafanyike kabla hujatoka mjini. Anza na rimu. Zile za chuma zenye matundu ya duara, kama za Land Cruiser za mashirika, huipokea ndoano bila shida. Za aloi zina mambo yao: nyingine matundu yake ni membamba na ncha haipiti, nyingine inapita lakini kwa nyuma inakwenda kugusa kalipa ya breki, nyingine inashika kwenye ukingo mwembamba unaoweza kumeguka. Ingiza ndoano kwa mkono, livingirishe gari kidogo ili matundu yabadili mahali, ujaribu tena, na ufanye hivyo kwa matairi yote manne pamoja na la akiba, maana magari yetu mengi yamebadilishwa rimu njiani na hayavai viatu vya jozi moja. Ndoano ishike kwa tumbo lake, pale inapopinda. Ikishika kwa ncha, haijashika.

Najua utakachoshauriwa ukiulizia bei: nenda Katwe, wakuchomelee. Katwe hawashindwi na chuma, na mageti na makasha yao ninayaheshimu. Lakini ndoano iliyokunjwa kutoka kwenye nondo ya ujenzi hunyooka polepole ikivutwa, na sehemu iliyochomelewa vibaya huachia ghafla bila kukuaga. Ukanda nao watakupa mkanda wa kiti cha gari lililochinjwa, ambao hujui umekaa juani miaka mingapi. Hapa nunua kilichotengenezwa kwa kazi hii na kilichoandikwa uwezo wake. Ukinunua soko la Kisekka, angalia mishono ya ukanda kwanza, rangi baadaye. Na jeki yenyewe, kama ni ya kuigiza, utaitambua kwa pini: zipandishe ikiwa haina mzigo, na kama zinakwamakwama zikiwa mpya na kavu, zitafanya nini zikishaonja tope la Karamoja?

Tufike sasa kwenye tope. Kabla ya kugusa jeki, chukua jembe au sepetu uchimbe mbele ya matairi na pembeni yake, kisha punguza upepo. Mara nyingi hayo mawili yanatosha na gari linatoka lenyewe. Hata yasipotosha, kuchimba kunaikata ile nguvu ya tope kulinyonya tairi, ambayo kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Na ukiwa mle Ishasha, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kabla ya kushuka tazama pande zote, na juu pia. Simba wa huko wana mazoea ya kupanda miti. Ukipata mtandao, wapigie askari wa hifadhi wajue uliko.

Baada ya hapo, hakikisha gari halitakwenda popote. Hapa madereva wazoefu huteleza, kwa sababu wanaiamini breki ya mkono bila kujua inashika wapi. Kwenye Hilux inashika matairi ya nyuma yenyewe, kwa hiyo ukinyanyua moja, lile jingine bado limefungwa. Kwenye Land Rover Defender ya zamani haiendi kwenye matairi kabisa. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi, na kati ya shafti na matairi kuna difu. Difu kazi yake ni kuruhusu tairi moja lizunguke tofauti na mwenzake. Tairi moja la nyuma likiwa hewani, huyo wa hewani atazunguka nyuma, huyo wa chini atazunguka mbele, na Defender yako itaondoka huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Dawa yake ni kufunga difu ya katikati kabla ya kuzima injini, ili ekseli ya mbele nayo isaidie kuzuia. Wenye Land Cruiser na Hilux za fowili ya kuingiza, ingizeni fowili nzito, mfunge habu za mbele kama ni za mkono, mwache gari kwenye gia. Kisha zima injini, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayepiga jeki. Nimeona mtu akiwasha gari lililoning'inia kwenye jeki eti achaji simu.

Kabari ziwekwe mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini. Jiwe la mviringo si kabari, tairi hulipanda. Beba vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mshazari, ni vyepesi na havina gharama.

Kitako cha jeki kina eneo la sentimita za mraba 180 hivi. Tuseme kona ya gari unayoinua ina kilo 700, ambayo kwa Land Cruiser yenye mizigo ni kadirio la upole. Hiyo ni karibu kilo 4 kwa kila sentimita ya mraba, na tope la barabarani halibebi hivyo. Jeki itazama huku gari likibaki palepale. Weka chini yake kipande cha ubao mgumu cha sm 40 kwa 40, na mzigo uleule unashuka hadi chini ya nusu kilo. Mvule ni mzuri, ukiupata wa unene wa sm 4 au 5. Pigilia vipande viwili vya fito juu yake ili kitako kisiteleze pembeni, kwa sababu ubao uliopakwa tope na chuma kilichopakwa tope havikai pamoja. Na ubao wenyewe ukae sawa. Mlimani, kama zile njia za Kisoro na Bwindi ambako barabara yenyewe imelala upande, chimba ngazi kwanza ubao ulale tambarare. Nguzo lazima isimame wima, isifuate mlalo wa barabara.

Ndoano sasa. Matairi ya mbele yanyooke, usukani usiwe umekatwa. Toa kofia ya plastiki ya katikati kama ipo. Futa tope kwenye matundu kwa kitambaa, maana utahitaji kuona. Chagua matundu mawili yaliyo sehemu ya juu ya rimu, yanayolingana kushoto na kulia. Yasipolingana, livingirishe gari kidogo kama linaweza, au ukubali kwamba leo ndoano haifai. Weka jeki karibu na tairi, ulimi uingie vizuri kwenye kipande cha chuma, kisha piga mpini taratibu mpaka ukanda unyooke. Hapo simama. Rudi utazame ndoano zote mbili kwa macho na kwa kidole kabla uzito haujaja: zimekaa kwa tumbo, ukanda haujajikunja, pande zote zimekaza sawa. Mkazo ukiwa upande mmoja, tairi litataka kuzunguka likipanda, na jeki italifuata. Tazama pia nafasi kati ya nguzo na bodi juu ya tairi. Nguzo hupenda kuegemea bodi tairi linapopanda. Weka kipande cha tairi kuukuu katikati, na ikiendelea kulala, shusha uanze upya.

Unapopandisha, sikiliza. Ukikandamiza mpini kuna "tak" moja, ukiurudisha juu kuna "tak" ya pili. Hizo ni pini mbili, kila moja inapoingia tundu lake. Usiposikia moja, usiongeze hata pigo moja. Pini haijakaa, ina tope, na mzigo wote umeegemea mwenzake. Mimina maji, gonga kidogo kwa kipande cha kuni, irudi mahali pake, ndipo uendelee. Simama pembeni ya mpini, miguu imekaa imara, kichwa kisiwe katikati ya mpini na nguzo, sasa wala baadaye. Ukiona inabidi uning'inie mpini kwa uzito wa mwili mzima, kuna kitu kimekwama au tope bado limeshika. Chimba tena. Mwanamume wa kuongeza nguvu asiitwe.

Usipandishe zaidi ya unachohitaji. Sm 15 mara nyingi zinatosha kuingiza mawe, magogo, matawi, hata mkeka wa gari. Vyote visukumwe kwa sepetu au mti, si kwa mkono, na vifike mbele na nyuma ya tairi ili gari likianza kutembea lisirudi shimoni kwenye hatua ya kwanza. Shimo lijazwe lipite kiasi, kwa sababu tope litaumeza mzigo wa kwanza.

Kushusha ndiko kunakojeruhi. Watu wakishamaliza kuinua hudhani hatari imekwisha, wanalegeza mikono, wanaanza utani. Kumbuka kwamba wakati wa kupandisha wewe ndiye unayeisukuma jeki, na wakati wa kushusha jeki ndiyo inayokusukuma wewe. Kabla ya kugusa leva ya kubadili mwelekeo, mpini uwe umesimama wima, umegusana na nguzo. Ukibadili leva mpini ukiwa chini, unaweza kuruka juu kwa nguvu ya kona nzima ya gari, na kidevu cha mtu ndicho kinachokuwa njiani. Mpini ukiwa wima, badili leva, shika kwa mikono miwili, shuka nao, rudi nao, usiuachie katikati ya safari hata mkono ukichoka au mtu akikuita. Kila pigo utahisi mzigo unautaka mpini urudi juu. Uzuie.

Tena kuna hili: jeki hii inahitaji mzigo wa kilo 70 hivi ili ishuke tundu kwa tundu. Ukipungua hapo, kichwa kinateleza hadi chini kwa mara moja. Kwa ndoano ya tairi hilo hutokea mapema, kwa sababu tairi likishagusa mawe ukanda unalegea na uzito unahama. Vidole visiwe kwenye nguzo, wala mguu wa utingo usiwe juu ya ubao. Kisha toa ndoano zote mbili, toa jeki, toa kabari, na mtu mmoja ahesabu vifaa kwa sauti kabla injini haijawashwa. Tairi likizunguka na ndoano bado imo ndani, ukanda utajizungusha kwenye breki na ndoano ya pili itakuwa kombora.

Jambo jingine ambalo kitabu cha maelekezo cha Marekani hakilijui ni watu. Ukikwama popote Uganda, dakika kumi baadaye una hadhira. Vijana wa kusukuma watakuja na bei yao, wazee na ushauri wao, na watoto watasogea hadi kwenye bampa kuona pini zinavyopanda. Wasaidizi ni neema, usiwafukuze. Ila awepo mwenye amri mmoja, na amri hiyo itolewe kabla ya kazi. Kazi nzuri ya kumpa mzee aliyefika wa kwanza ni hii: "Ssebo, nisaidie kuwarudisha watoto kule kwenye mti." Ataifanya kwa ukali kuliko wewe. Vijana walete mawe na wakae upande wa pili wa gari mpaka jeki itoke. Atatokea mmoja atakayesema inua nyuma kwa bampa, tusukume gari liangukie kando ya shimo. Mbinu hiyo ipo, wengine wameizoea. Ikishindikana, jeki inachomoka kwenye umati. Mkatalie, na umlipe ya mawe.

Kuna siku ambayo ndoano haitafaa hata ukifanya yote: matairi manne yamezama na tumbo la gari limelala juu ya tope, au giza limeingia na una tochi ya simu yenye asilimia tisa, au ubao umezama mara ya pili. Acha. Barabara ile ya Ishasha inapitwa na malori yanayokwenda mpakani na Kongo, na kamba nzuri ya kuvutia pamoja na ahadi ya soda kwa dereva na utingo wake vimetoa magari mengi. Kulala ndani ya gari hadi asubuhi pia ni uamuzi.

Ukirudi Kampala, usiirudishe jeki kwenye bampa na tope lake. Isafishe kwa brashi na maji, pini na springi zake uzioshe kwa dizeli kidogo, zikikauka uzipake oili nyepesi. Grisi nzito hukusanya vumbi la murramu na kugeuka msasa. Kichwa kivishe kipande cha tyubu kuukuu, na iwe na kufuli, maana kwenye foleni ya Clock Tower jeki ina miguu. Ukanda wa ndoano uoshe kwa maji matupu, uanike kivulini, upitishe vidoleni sentimita kwa sentimita ukitafuta uzi uliokatika au sehemu iliyokakamaa. Ukiiona, ukanda huo umestaafu. Ukate vipande viwili kabla ya kuutupa, kwa sababu ukiutupa mzima kuna atakayeuokota, aufue, na autundike tena sokoni.